Rangi tulivu ya ukuta kwa nyumba ya Nairobi: anza na sakafu

Kabla hujaenda hadiwea kuulizia krimu au kijivu, tazama sakafu yako. Ukuta hubadilishwa rangi kwa siku mbili tatu na fundi mmoja. Taili, kaunta ya jikoni, milango ya mbao na makabati ya ukutani hukaa miaka mingi, na kuvibomoa ni gharama. Ndiyo maana ukuta hufuata sakafu, na anayeanza na ukuta mara nyingi hulazimika kupaka mara ya pili.

Rangi tulivu ni nyeupe na jamaa zake: krimu, beji, kijivu, na ile iliyo katikati ya kijivu na beji. Dukani zote huanzia kwenye kopo la rangi nyeupe, kisha mashine hudondosha matone ya rangi kali: nyeusi, manjano ya udongo, nyekundu ya udongo, kahawia, wakati mwingine kijani au buluu. Matone ni machache kiasi kwamba ukichungulia kopo unaona weupe mtupu. Ukishapaka kuta nne zinazotazamana, kila ukuta humulikia mwenzake, na lile tone linaongezeka nguvu. Hiyo ndiyo rangi ya chini: waridi, manjano, kijani, samawati au zambarau iliyojificha ndani ya kitu ulichodhani hakina rangi. Makosa mengi ya rangi tulivu hutokana na rangi ya chini. Ni nadra tatizo kuwa rangi ilikuwa nyeupe mno au nzito mno.

Hatua ya kwanza: vitu ambavyo hutabadilisha

Pitia chumba ukiandika kila kitu kitakachobaki baada ya kupaka: sakafu, kaunta, taili za ukutani, milango, dari ikiwa ni ya mbao, sofa kama hununui nyingine, na pazia zito. Kisha chukua karatasi nyeupe ya fotokopi na uilaze juu ya kila kimoja mchana, taa zikiwa zimezimwa. Bila karatasi, taili ya krimu ni krimu tu. Ukiilaza karatasi, taili moja inaonekana ina uwaridi, nyingine umanjano, nyingine ukijani. Karatasi ya fotokopi yenyewe huwa na ubuluu kidogo, kwa hiyo tumia aina ileile kwa kila kitu ili kipimo kisibadilike.

Taili zinazopatikana sana katika fleti za kupanga ni za krimu zenye mishipa ya waridi au kahawia hafifu. Hapa ndipo watu wengi huumia. Anayenunua krimu yenye umanjano ili ilingane na sakafu huona kinyume: ukuta unaonekana kama umepata moshi, na sakafu inazidi kuwa ya waridi. Manjano na waridi zikikaribiana hufichuana. Kwa sakafu ya namna hiyo tafuta nyeupe iliyotiwa tone la nyekundu ya udongo na kahawia, au kijivu-beji chepesi, na uache krimu ya siagi kabisa.

Sakafu ya redoksidi, ile nyekundu inayong'arishwa kwa nta, hurusha wekundu kwenye sehemu ya chini ya ukuta. Kijivu cha ubaridi, yaani chenye ubuluu, juu yake hugeuka zambarau hafifu. Krimu ya udongo, yenye manjano na kahawia, hukaa vizuri zaidi. Nyeupe yenye ukijani kidogo nayo huutuliza wekundu kwa kuwa kijani na nyekundu hupunguzana.

Terazo ya kijivu, ile sakafu ya saruji yenye vijiwe iliyosuguliwa, si ngumu ikiwa utaangalia saruji iliyo kati ya vijiwe badala ya vijiwe vyenyewe. Saruji hiyo mara nyingi huelekea ukijani, na nyeupe au kijivu chenye ukijani huungana nayo bila vita.

Dari ya mbao za saiprasi iliyopakwa vanishi, pamoja na milango ya mahogani au mvule, zina rangi ya chungwa nyingi kuliko tunavyokiri. Chungwa huuamsha ubuluu wa kijivu chochote kilicho karibu. Kama dari yako ni ya namna hiyo na moyo wako umetaka kijivu, chagua kijivu chenye kahawia ndani yake. Taili za kijivu ambazo fleti mpya za Kilimani na Ruaka zimejaa nazo zina matatizo yao: sakafu ya kijivu, makabati ya kijivu na ukuta wa kijivu hutoa nyumba inayohisi baridi kuanzia Juni hadi Agosti. Kwenye nyumba kama hizo, nyeupe yenye joto kidogo, yaani yenye umanjano au wekundu hafifu, ukutani ni chaguo bora, na kijivu kibaki chini.

Hatua ya pili: soma mwanga wa chumba chako

Mashauri mengi ya rangi mtandaoni yameandikwa Ulaya na Marekani, ambako chumba chenye dirisha la kaskazini karibu hakipati jua na mwanga wake ni wa ubaridi mwaka mzima. Usiyalete Nairobi. Mji huu uko kusini kidogo tu ya ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki huhamia kusini. Hata Juni na Desemba, saa sita mchana jua huwa juu sana, kiasi kwamba ukingo wa paa au balkoni ya juu hulizuia lisiingie ndani. Madirisha ya kaskazini na ya kusini hapa hupata mwanga laini unaofanana kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kinachotofautisha vyumba ni mashariki na magharibi.

Chumba cha mashariki hupokea jua kali kuanzia saa moja hadi kama saa nne asubuhi, halafu mchana kinakuwa na mwanga bapa usio na uhai. Ikiwa ni chumba cha kulala ambacho unakiona alfajiri na usiku tu, rangi yake ihukumiwe kwa saa hizo. Chumba cha magharibi ni kinyume: kuanzia saa tisa alasiri hadi machweo jua huingia likiwa la chungwa na linafika hadi ukuta wa nyuma. Krimu ya kawaida hapo huwa manjano ya yai. Nyeupe yenye tone la kijivu au kijani hustahimili jua la jioni bila kuwaka.

Kisha kuna msimu. Juni, Julai na Agosti mara nyingi wingu hutanda na mwanga wake ni wa kijivu-buluu. Aliyechagua kijivu chake Januari, jua likiwaka, hushangaa katikati ya mwaka sebule ikigeuka samawati. Unapochagua wakati wa jua, jiulize rangi hiyo itakuwaje siku ya wingu. Pima sampuli pia asubuhi mapema kabla jua halijapanda, kwa kuwa mwanga wa saa hiyo unakaribia ule wa Julai.

Nje ya dirisha lako nako kuna kitu. Zimmerman, Pipeline na Umoja, magorofa yamekaribiana hata dirisha linatazama ukuta wa jirani. Mwanga unaoingia umekwisha kugonga ukuta huo na kuvaa rangi yake. Kama jirani amepaka chungwa au ameacha mawe ya kijivu, hicho ndicho kitakachoingia kwako. Karen na Lavington tatizo ni miti: mwanga unaopita kwenye majani huja na ukijani, na kijivu chenye ukijani kitazidi kiasi. Ruaka, Kikuyu na pande za Kiambu udongo mwekundu wa uani hurusha uwaridi kwenye vyumba vya chini, hasa uwanja ukiwa haujatandazwa kabro.

Chumba chenye giza kinahitaji neno la ziada, maana kosa lake ni la kila siku. Mtu anaona chumba hakina mwanga, ananunua nyeupe kali kabisa akitumaini itang'aa. Rangi haitoi mwanga, hurudisha tu uliopo. Nyeupe kali isiyo na mwanga wa kurudisha huwa kijivu kwenye pembe na kivuli chake hakipendezi. Krimu nyepesi yenye joto kidogo, hata ikiwa nzito hatua moja kuliko nyeupe, hukifanya chumba hicho kikalike.

Hatua ya tatu: uzito wa rangi

Kampuni za rangi hupima kiasi cha mwanga ambacho rangi hurudisha kwa kipimo cha 0 hadi 100, na nyingine hukichapisha nyuma ya kadi ya rangi ya dukani kwa herufi LRV. Sifuri ni weusi kamili, 100 ni weupe kamili. Kwa vyumba vya Nairobi tumia mgawanyo huu:

- 80 na zaidi: dari, na vyumba vyenye jua la kutosha. Kwenye jua kali la moja kwa moja huumiza macho.
- 70 hadi 80: eneo salama kwa sebule na vyumba vya kulala vya fleti nyingi, hata vyenye mwanga mdogo.
- 55 hadi 70: beji na kijivu vinavyoonekana wazi kuwa ni rangi. Vinahitaji madirisha makubwa, au viwe kwenye ukuta mmoja.
- Chini ya 55: si rangi tulivu ya nyumba nzima tena. Iache kwa ukuta wa televisheni.

Kadi isiyo na namba si tatizo. Weka kadi zako pembeni mwa karatasi nyeupe, piga picha kwa simu, kisha igeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe. Rangi ya chini itapotea na utaona wazi ipi ni nzito na ipi ni nyepesi.

Kumbuka kwamba ukuta mzima huonekana wenye rangi kali kuliko kadi. Ukisimama kati ya kadi mbili zinazofuatana, chukua iliyo nyepesi au iliyofifia zaidi. Mashine ya dukani pia inaweza kupunguza kipimo: omba fomula ileile kwa asilimia 75 au 50, na utapata rangi yenye asili ileile lakini nyepesi.

Hatua ya nne: jaribu kwenye manila, si ukutani

Hatua hii ndiyo inayookoa pesa, na ndiyo inayorukwa zaidi. Chagua rangi tatu, zisizidi tano. Nunua kopo dogo kabisa linalopatikana kwa kila moja. Kama duka halichanganyi chini ya lita moja, punguza idadi ya rangi hadi mbili au tatu lakini usiache kujaribu.

Nunua karatasi za manila nyeupe, kubwa iwezekanavyo, angalau ukubwa wa A2. Paka kila moja kwa rola ndogo ya inchi 4, mara mbili, ukiacha mkono (tabaka) wa kwanza ukauke kabisa. Paka hadi ukingoni, usiache mpaka mweupe, maana weupe huo huifanya rangi ionekane nzito kuliko ilivyo. Nyuma ya karatasi andika kampuni, jina, namba na mng'ao.

Kwa nini si ukutani? Kwa sababu jicho halioni rangi peke yake. Kiraka cha krimu kwenye ukuta wa zamani wa kijani kitaonekana cha waridi, na kiraka hichohicho kwenye ukuta wa pichi kitaonekana kijivu. Manila unaweza kuisimamisha nyuma ya sofa, kuipeleka pembeni kabisa palipo na giza, kuilaza juu ya taili na kuisogeza karibu na mlango. Ipinde pia, uifanye pembe ya ndani kama kona ya chumba. Pale pande mbili zinapotazamana utaona rangi ya chini ikijitokeza jinsi itakavyojitokeza kwenye kona za kuta.

Zitazame manila zikiwa wima kama ukuta. Zikilazwa mezani hupokea mwanga wa dari na kuonekana nyepesi. Zitazame saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na usiku taa zikiwaka. Ziache siku tatu angalau. Mara nyingi hakuna haja ya kubishana. Siku ya pili moja itakuwa imeanza kukuudhi, na hiyo iondoe.

Taa za usiku

Mwajiriwa wa Nairobi anayeondoka kabla ya jua kupanda na kurudi saa moja usiku huishi na ukuta wake chini ya balbu, basi balbu ndiyo mwanga wa kuchagulia. Angalia maandishi kwenye paketi: namba yenye K ni kipimo cha rangi ya mwanga. Balbu ya 2700K hadi 3000K ni ya joto, ya 4000K iko katikati, na 6500K ni nyeupe yenye ubuluu. Zile za bei nafuu madukani mara nyingi ni 6500K. Chini yake kijivu hubuluuka, nyeupe yenye ukijani huwa kama ya zahanati, na ngozi za watu hupauka.

Kabla hujailaumu rangi, badilisha balbu moja uweke ya 3000K na utazame manila zako tena. Ukiona kwenye paketi herufi CRI, kipimo cha jinsi balbu inavyoonyesha rangi kwa uhalisia, chukua yenye 80 au zaidi. Balbu yenye namba ya chini hudanganya rangi hata ikiwa inawaka vizuri. Sebule ikiwa na balbu za aina mbili tofauti, ukuta mmoja utaonekana umepakwa rangi mbili. Amua aina moja ya balbu kwanza, kisha rangi.

Koridoo na bafu visivyo na dirisha havina habari ya mashariki wala magharibi. Huko chagua usiku tu.

Mng'ao

Rangi za maji za ukutani huja kwa mng'ao tofauti. Vinili mati haing'ai, huficha mabonde na vipele vya plasta, na huonyesha rangi ikiwa laini. Udhaifu wake ni kusuguliwa: ukifuta alama ya mkono kwa nguvu hubaki doa linalong'aa. Vinili silki hung'aa kidogo na huoshwa kwa urahisi, lakini hufichua kila kasoro ya ukuta, hasa pale mwanga wa dirisha unapopita ubavuni mwa ukuta. Rangi ya namba ileile katika silki huonekana nzito na yenye kina kidogo kuliko katika mati, kwa hiyo sampuli ya manila iwe ya mng'ao utakaonunua.

Ukuta uliopigwa skimu vizuri, yaani tabaka jembamba la kulainisha plasta, unaweza kubeba silki. Ukuta wa plasta ya kawaida wenye alama za mwiko, mpe mati. Jikoni, koridoo na chumba cha watoto vinahitaji silki, na bafuni omba rangi inayozuia kuvu.

Rangi nyeupe ya mafuta, glosi ya milango na fremu za madirisha, ina tabia ambayo mafundi wengi hawaisemi: hugeuka manjano kadiri miaka inavyokwenda, na hugeuka haraka zaidi gizani. Mlango unaokaa nyuma ya kabati utamanjanika kuliko ule wa mbele. Ukitaka weupe unaodumu kwenye mbao, tumia rangi ya maji iliyotengenezwa kwa mbao na chuma. Au chagua tangu mwanzo glosi ya krimu ili mabadiliko yasionekane.

Dari ipake nyeupe isiyong'aa. Kama ukuta ni krimu na dari ni nyeupe kali yenye ubuluu, mstari kati yao utaonekana kama kosa. Nyeupe ya dari iwe na tone la joto lilelile la ukuta.

Hesabu ya makopo

Makopo ya kawaida ni lita 1, lita 4 na lita 20. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini uliokwisha kupakwa, na mita 6 hadi 8 kwenye plasta mpya inayonyonya. Usome pia kopo lako, maana kila aina hutofautiana.

Mfano: chumba cha mita 4 kwa 3.5, chenye kimo cha mita 2.7. Mzunguko wa kuta ni mita 15. Mara 2.7 unapata mita za mraba 40.5. Toa mlango wa 0.9 kwa 2.1, karibu 1.9, na dirisha la 1.5 kwa 1.2, yaani 1.8. Zinabaki kama 36.8. Mikono miwili ni 73.6, gawa kwa 10, lita 7.4. Nunua makopo mawili ya lita 4. Ukihitaji andakoti, yaani rangi ya kutangulia inayopakwa kabla ya rangi yenyewe, mkono mmoja utakula lita 3.7, yaani kopo jingine la lita 4.

Nunua yote siku moja. Rangi ya mashine iliyochanganywa wiki mbili baadaye, hata kwa namba ileile, inaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo itaonekana katikati ya ukuta. Ukifika nyumbani mimina makopo yote ya chumba kimoja kwenye ndoo ya lita 20, koroga, ndipo uanze.

Kuna mafundi wanaopendelea kununua ndoo ya nyeupe na kuichanganya wenyewe kwa steina, rangi kali za chupa. Ni rahisi kwa bei, na fundi mzoefu hupata rangi nzuri. Lakini nyeupe ikitiwa nyeusi peke yake hutoa kijivu chenye ubuluu, kila mara, kwa kuwa ndivyo rangi nyeusi ya steina ilivyo. Ili kipate joto lazima kitiwe manjano ya udongo kidogo, tone kwa tone, na kipakwe kwenye manila kikauke kabla ya kuamua, maana rangi ya maji mbichi huonekana nyepesi kuliko ikikauka. Pia hakuna atakayeweza kuirudia rangi hiyo mwaka ujao. Kama ni njia utakayotumia, changanya ya nyumba nzima kwa mara moja na ubakishe lita mbili.

Mahali rangi nzuri huharibikia

Maji yakizidi. Maelekezo ya kopo mara nyingi hayaruhusu zaidi ya asilimia 10 kwa mkono wa mwisho. Rangi iliyozimuliwa kupita hapo haifuniki, ukuta unakuwa na mawingu, na krimu uliyoichagua inachanganyika na rangi ya zamani iliyo chini. Simama hapo fundi anapokoroga. Si dharau kwake, ni kazi yako kujua kilichoingia.

Ukuta wa zamani uliokuwa maruni, kijani kizito au buluu hautafunikwa na mikono miwili ya rangi nyepesi. Andakoti nyeupe kwanza. Ukiiacha, kijivu-beji chako kitakuwa na uwaridi ambao haukuwa kwenye manila.

Plasta mpya ina chokaa na maji. Subiri angalau wiki nne, na wakati wa mvua za Machi hadi Mei subiri zaidi, kisha paka praima (rangi ya msingi) inayostahimili chokaa. Ukiharakisha, utaona mabaka yaliyopauka na unga mweupe wa chumvi ukisukuma rangi nje. Chumvi ikishatokea, kuipaka juu hakusaidii. Tafuta maji yanatoka wapi, bomba la bafu la jirani mara nyingi, tengeneza hilo, acha ukuta ukauke, piga brashi kavu, halafu praima.

Rangi ya maji juu ya glosi ya zamani hubanduka kama ngozi. Piga msasa hadi mng'ao ufe, osha, kausha, paka praima ya kushika. Rangi za mafuta za miaka ya nyuma huweza kuwa na madini ya risasi, hivyo kwenye nyumba ya zamani piga msasa ukiwa umelowesha ukuta, vaa barakoa, na watoto wasiwepo mpaka vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Mkono wa pili upakwe ule wa kwanza ukiwa umekauka. Siku ya jua muda wa saa mbili hadi nne unatosha. Siku ya wingu ya Julai acha hadi kesho yake. Na usihukumu rangi jioni ileile. Iangalie baada ya siku mbili, pazia na sofa vikiwa vimerudi mahali pake, kwa sababu chumba kitupu hurusha mwanga mwingi wa sakafu kuliko kitakavyokuwa ukiishi ndani yake.

Ukiwa mpangaji

Mikataba mingi ya nyumba za kupanga humtaka anayehama aache kuta kama alivyozikuta, la sivyo gharama ya rangi hukatwa kwenye diposti. Kabla hujafungua kopo, muulize msimamizi jina la rangi ya nyumba, kampuni na mng'ao, na upate ruhusa ya kubadilisha kwa maandishi. Piga picha za kuta zote zikiwa na tarehe. Ukibaki kwenye familia ya nyeupe na krimu nyepesi, kurudisha rangi ya mwenye nyumba kutahitaji mkono mmoja au miwili bila andakoti. Ukipaka ukuta mmoja kijivu kizito, hesabu andakoti yake tangu leo.

Baada ya kupaka

Piga picha lebo ya mashine iliyobandikwa kopo, ile yenye fomula, kwa kuwa rangi ikichuruzika juu yake haitasomeka tena. Rangi iliyobaki imimine kwenye chombo kidogo kinachojaa karibu hadi juu ili hewa iwe chache, funga vizuri, andika chumba, namba, mng'ao na tarehe, uweke mbali na jua na jiko. Kabla ya kuitumia tena ikoroge na uichuje kwa soksi ya nailoni. Kwa doa dogo ndani ya miezi michache ya kwanza, gusa kwa rola ileile ya manyoya mafupi, si brashi. Baada ya mwaka mmoja au zaidi ukuta umeshabadilika kwa jua na moshi, na kiraka kitaonekana hata kikiwa cha kopo lilelile. Paka ukuta huo mzima, kutoka kona hadi kona.